Bwana Bado na Usiku wa Mia

Tang.

Kauri moja ya baharini, ndogo kama ukucha wa mtoto, iliangukia ndani ya debe tupu la biskuti, ikagonga bati, ikajizungusha mara mbili kama inayotafuta pa kulala, kisha ikatulia. Sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Moja."

Hiyo ndiyo sauti iliyombakia Kitione kutoka siku waliyomzika mama yake. Nyimbo za kanisani zilimpita. Maneno ya mchungaji yalimpita. Alikuwa amejilaza ubavu juu ya mkeka, macho wazi, jua la Nasagale, kisiwa chao, likizama nyuma ya minazi, akamsikia Mama Mkubwa Vasiti akianza kuhesabu.

Vasiti alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Alikuja na mkeka wake na debe lake, akakaa katika nyumba ya msiba, na hapo angekaa mpaka usiku wa mia. Watu wa visiwa hivi huhesabu msiba kwa usiku. Usiku wa nne una shughuli yake, wa kumi una yake, na wa mia ndio unaofungua kila kilichofungwa. Mpaka ufike, kila mmoja hujinyima kitu. Vasiti, aliyezaliwa na kukulia ufukweni, aliacha samaki. Kitione aliacha wembe, akaacha na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi, kwa sababu hayo mama yake ndiye aliyempikia, na hakutaka kuyala kutoka mkono mwingine kabla ya wakati wake.

Baada ya usiku wa nne, alipanda meli ya Jumapili akarudi mjini Suva kazini.

Kazi ya Kitione haikuwa rahisi kumweleza mtu. Mama yake mwenyewe alipoulizwa na wenziwe kanisani, alijibu, "Mwanangu anaifundisha mashine kusema." Hakukosea sana. Kitione aliandika programu katika kampuni ndogo yenye watu wanne, juu ya duka la vitambaa karibu na soko. Kampuni hiyo ilishughulikia ratiba za meli zinazokwenda visiwani. Ndani ya programu ile kubwa palikuwa na kipande kimoja kidogo ambacho hakuna aliyekigusa ila yeye, na alikuwa amekilea kwa miaka kumi na tisa kama mtu anavyolea mti wa uani.

Kipande hicho kilipokea hesabu ya sekunde, kikatoa maneno.

Kilianza siku moja bandarini, Kitione angali kijana, aliposimama mbele ya ubao wa kwanza waliouweka. Ubao uliandika kwa fahari kwamba meli imechelewa sekunde 14,412. Mama mmoja mwenye kikapu cha kuku alimgeukia akamwuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hizo ni nyingi au chache?" Kitione alirudi ofisini akakaa chini, akaandika mistari thelathini. Kesho yake ubao ukasema: Bado saa 4.

Baada ya hapo ndipo alipogundua kwamba wakati ni mgumu kuliko alivyodhani. Kiingereza kinataka herufi ya ziada vitu vikizidi kimoja. Kihindi kinabadilisha mwisho wa neno. Kifiji kinaliacha neno kama lilivyo, lakini kinataka kitu kidogo mbele ya hesabu, na ukikisahau wazee wanacheka. Kisha kuna swali la wapi pa kukata. Mtu anayeambiwa "saa 1, dakika 59 na sekunde 58" ameambiwa ukweli, lakini hakusaidiwa. Mwambie "saa 2", akanunue mkate. Dakika hugeuka kuwa saa lini? Siku hugeuka kuwa wiki lini? Na mwezi, ambao haujui wenyewe kama una siku thelathini au thelathini na moja, mtu aukate wapi? Kitione aliyapima hayo yote kama mpishi anavyoonja chumvi. Mistari thelathini ikawa mia nne.

Kwa ajili ya ubao ule, wachukuzi na makarani wa bandari walimpa jina: Bwana Bado.

Aliyelianzisha jina hilo alikuwa Waisea, karani wa mizigo, mtoto wa mjomba wake. Huko kwao mtoto wa mjomba ni tavale, na tavale ndiye mtani wako halali tangu kuzaliwa: anaweza kukutukana mbele ya mkweo, nawe huna ruhusa ya kununa.

Kitione aliporudi kutoka mazikoni, ndugu waliotawanyika walianza kumpigia simu. Wa Suva, wa Nadi, wa Auckland, wote waliuliza swali moja: usiku wa mia unaangukia lini, tukate tiketi? Meli ya Nasagale ni moja kwa wiki. Huondoka Suva Ijumaa alfajiri na kufika alasiri, na ukiikosa umeikosa. Kitione akaona afanye kile anachokijua. Alitengeneza ukurasa mdogo wa familia, mtu aufungue kwenye simu yake aone. Akaweka tarehe ya maziko, akaunganisha na kile kipande chake, akautuma.

Waisea alimwita kutoka dirishani mwa ofisi ya mizigo siku hiyo hiyo, simu mkononi.

"Tavale, nimefungua kitu chako hiki."

"Eeh."

"Kinaniambia bado miezi mitatu."

"Kimekata. Siku zikiwa nyingi hukata kwenye mwezi."

"Miezi ya nani? Shangazi yangu kafa kwa miezi? Wewe tangu utoto hata gimbi ulilichemsha likatoka bichi, leo unatukatia na msiba."

Kitione alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazikoni. Alirudi mezani kwake akaifunga ile sehemu ya kukata, akaufundisha ukurasa neno jipya ambalo hakuwahi kulihitaji kwa meli: usiku. Sasa uliandika: Bado usiku 89. Kesho yake: Bado usiku 88. Ndugu wakafurahi. Kwa hesabu ya ukurasa, usiku wa mia uliangukia Ijumaa, jioni ile ile ambayo meli ingefika. Watu sitini na watatu wakakata tiketi za Ijumaa hiyo. Torika, mdogo wake Kitione, muuguzi katika hospitali ya mjini, aliomba likizo inayoanza siku hiyo. Kila mmoja alisema ni kama marehemu mwenyewe amepanga na nahodha.

Kila asubuhi Kitione aliufungua ukurasa kabla ya chai. Ndevu zilijaa. Alipopita sokoni kwenye matita ya majani ya magimbi, aligeuza uso.

Likabaki juma moja.

Alhamisi jioni, mwanga ukiwa bado upo, alikuwa ofisini na Roshni, mwenye kampuni, mwanamke wa makamo aliyemzidi Kitione miaka na uvumilivu. Roshni alikuwa akifunga chapati za roti zilizobaki katika karatasi. Kitione aliamua kumpigia Mama Mkubwa aulize ni mikeka mingapi iletwe kutoka Suva. Kwa kawaida alimpigia Jumapili mchana, baada ya ibada. Jioni hakuwahi. Nasagale mtandao hushikika kwenye dirisha moja tu la nyumba ile, nalo ndilo Vasiti alikokuwa amekaa.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema Vasiti. "Umenikuta na kazi. Usikate."

Kitione alisubiri. Akasikia upepo, akasikia mtoto akiitwa akaoge. Kisha sauti ile, si kali tena kama ile ya kwanza, maana sasa kauri iliangukia juu ya kauri nyingine.

"Tisini na tatu," alisema Vasiti. "Haya, sema."

Kitione alikuwa ameukodolea macho ukurasa mezani. Ukurasa uliandika: Umepita usiku 92. Bado usiku 8.

"Mama Mkubwa, umesema ngapi?"

"Tisini na tatu. Umeziba masikio na hizo ndevu?"

"Hukuruka? Hukutia mbili siku moja?"

"Mwanangu," alisema Vasiti polepole, "nina kazi gani nyingine huku, hata nikosee hii?"

Alipokata simu, Roshni alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake, anatazama kioo cha kompyuta.

"Mlizika Jumatano," alisema.

"Jumatano."

"Na usiku wa Jumatano wenyewe, mashine imeuitaje?"

Kitione aliufungua msimbo wake. Hakuwa na haja; alijua. Mashine hutoa tarehe ya maziko katika tarehe ya leo. Leo toa leo ni sufuri. Usiku ule wa Jumatano, alipolala ubavu na kusikia "Moja" kwa masikio yake mawili, mashine ilikuwa imeuandika sufuri.

"Nguzo za uzio, kaka," alisema Roshni kwa upole. "Wewe ndiye uliyewafundisha vijana wangu. Usihesabu nafasi zilizo katikati, hesabu nguzo. Sisi kwetu siku ya kumi na tatu ya msiba tunaihesabu pamoja na ile ya kwanza. Ningeiruka, baba yangu angenipiga kibao."

"Najua."

"Najua unajua."

Basi usiku wa mia ulikuwa Alhamisi. Meli waliyokatia tiketi watu sitini na watatu ingetia nanga Ijumaa alasiri, usiku umekwisha kupita, msiba umekwisha kufunguliwa, watoto wa marehemu wangali ng'ambo ya bahari. Meli nyingine ya kuwawahisha ilikuwa moja tu, na hiyo ilikuwa ikiondoka kesho alfajiri.

Alimkuta Waisea bandarini akihakiki magunia ya saruji. Alimweleza bila kupamba. Waisea alimsikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake.

"Bwana Bado," alisema hatimaye, "kumbe safari hii si bado. Imekwisha."

"Nitanie kesho, tavale."

"Kesho nitakuwa nimesahau." Aliweka kalamu sikioni. "Sikiliza. Kuna boti za injini. Jumatano ijayo tunavuka."

"Upepo umetangazwa wiki nzima. Mama alikuwa na kaka wawili. Mmoja ni baba yako. Mwingine alivuka kwa boti, na mama alimlilia bila kaburi. Sitampelekea watu wake kwa njia hiyo."

Waisea aliinamisha kichwa. Kisha akasema lile ambalo Kitione alikuwa ameliogopa tangu alipokata simu, kwa sababu alikuwa amekwisha kuliwaza mwenyewe.

"Basi mwombe Mama Mkubwa. Siku moja asitie kauri. Kauri moja tu, nani atajua?"

Kitione alikaa juu ya gunia la saruji, akatoa simu, akawaandikia wote sitini na watatu. Yeye aliyezoea kuyapima maneno kama chumvi, safari hii hakupima: "Nimewakosesha usiku mmoja. Usiku wa mia ni Alhamisi, si Ijumaa. Anayeweza, meli ni kesho alfajiri. Kosa ni langu, si la mashine." Akautuma ujumbe kabla moyo haujageuka.

Tisa waliweza. Wengine walikuwa na waajiri, na watoto wa shule, na ndege zisizobadilika. Torika alipiga simu kutoka wodini. Hakumlaumu, na afadhali angemlaumu.

"Kaka, nimeomba, wamekataa. Hakuna wa kunishikia zamu."

"Torika, mimi..."

"Usinifafanulie. Nipe saa tu. Alhamisi, saa ngapi Mama Mkubwa anatia kauri?"

"Jua likizama."

"Nitakuwa zamu," alisema Torika. "Haya. Safiri salama."

Alfajiri ile Kitione alipanda meli na mzizi wa kava, mmea wa kinywaji cha heshima, uliofungwa vizuri, mzizi mkubwa wa mtu anayekwenda kuomba jambo zito. Njia nzima alikuwa ameukumbatia kama mtoto. Waisea, aliyejiandikia likizo kwa mkono wake mwenyewe, alimtazama akaacha hata kumtania. Maneno ya kuomba Kitione aliyatunga na kuyatunga upya mawimbini: kwamba ndugu hamsini na nne watafika Ijumaa ijayo, kwamba usiku mmoja ni kitu kidogo katika mia, kwamba hata mashine hukata.

Nyumba ya msiba ilikuwa kimya. Waliingia wameinama, wakiomba radhi kwa waliokaa, wakaketi karibu na mlango. Wazee wawili wa ukoo walikuwapo. Vasiti alikuwa pale pale dirishani. Alikuwa amekonda. Mifupa ya mabega ilionekana chini ya nguo nyeusi, na mbele yake palikuwa na sahani ya mchana: gimbi la kuchemsha na chumvi. Debe lilikuwa pembeni ya goti lake, limejaa zaidi ya nusu.

Kitione aliusukuma mzizi mbele, akapiga makofi kwa viganja vilivyokunjwa kama desturi ilivyo, akaanza. Alisema kosa lake lote. Alisema sufuri. Wazee hawakuielewa sufuri, lakini walimwelewa mtu aliyekosea. Kisha akafika pale penye ombi. Akalitazama lile debe. Akaitazama ile sahani, gimbi na chumvi, katika nyumba ambayo bahari inasikika mpaka jikoni. Kila kauri mle ndani ilikuwa jioni moja ya mwanamke huyu bila samaki.

Akanyamaza.

"Endelea," alisema Vasiti. "Mzizi mkubwa hivi haukuja na kosa peke yake. Umekuja kuomba nini?"

"Hakuna, Mama Mkubwa. Nimekuja kuomba msamaha."

Waisea alikuwa akitazama mkeka.

"Msamaha umepata," alisema Vasiti. Mmoja wa wazee akaugusa mzizi, akaupokea kwa makofi. "Na hiyo mashine yako usiipige. Haina kosa. Haikulala hapa usiku wa kwanza, itaujuaje?"

"Mimi nililala hapa."

"Ndiyo maana umekuja wewe, haikuja yenyewe." Alivuta sahani yake karibu. "Wewe, Waisea. Nasikia bandarini unamwita mwanangu Bwana Bado."

"Nani kasema, shangazi?"

"Marehemu. Alilipenda jina hilo. Alisema kila akilisikia anajua mwanawe yuko njiani."

Siku zile sita Kitione alichanja kuni, akachimba shimo la lovo, tanuri la ardhini, akang'oa magimbi. Mtu wa kompyuta alirudi kuwa na malengelenge viganjani. Jioni, kauri ikianguka, alikaa karibu na kusikiliza hesabu ikipanda. Na siku moja mchana, kwenye dirisha la mtandao, aliufungua ule msimbo katika simu yake akaongeza moja. Ilikuwa alama mbili tu. Pembeni yake, mahali ambapo mwandishi humwachia maneno mwandishi mwenzake, akaandika kwa Kifiji: usiku wa maziko ni wa kwanza. Roshni aliyaona akiwa Suva, akatuma neno moja: "Nguzo."

Alhamisi ilikuja na mvua asubuhi na anga safi jioni. Nyumba haikujaa. Palikuwa na wanakijiji, na wale tisa, na sehemu tupu kwenye mikeka ambazo kila mtu alizijua ni za nani. Chakula cha usiku kilipikwa kidogo. Wazee walikuwa wamesema lovo kubwa lifunguliwe kesho, meli ikitia nanga. "Usiku ni wa marehemu," walisema, "lakini kula ni kwa walio hai, na walio hai bado hawajafika." Waisea alimpiga Kitione kiwiko. Neno "bado" lilikuwa limemfurahisha.

Ndani ya bakuli dogo, mbele ya Kitione, mtu alikuwa ameweka majani ya magimbi kwa tui, yamefunikwa na jani la mgomba. Hakuyafunua.

Jua lilipogusa minazi, Vasiti alichukua kauri ya mwisho. Aliifuta kwa ncha ya nguo yake. Kisha akamshika Kitione mkono, akaiweka kiganjani mwake.

"Tia wewe. Nimechoka kuhesabu."

Kitione alitazama dirisha. Alitoa simu, akapiga. Iliita mara moja, mara mbili, mara tano. Kisha kukasikika kelele za wodi, mtu akiita jina la mgonjwa, mlango ukifungwa, na pumzi ya mtu aliyekuwa amekimbia.

"Niko stoo," alisema Torika. "Nina dakika mbili."

Kitione aliiweka simu kwenye mdomo wa debe. Akanyoosha mkono, akafungua vidole.

Kauri ilianguka juu ya wenzake, ikateleza, ikagusa ukuta wa bati kidogo tu, ikatulia. Kisha Torika akauliza, kwa sauti ya mtoto wa mwisho, "Ndiyo hiyo?"

Kitione aliinama mpaka midomo yake ikakaribia simu. Alikuwa amezigeuza sekunde kuwa maneno kwa miaka kumi na tisa, kwa lugha tatu. Alisema kwa sauti ambayo hata Waisea, aliyekaa bega kwa bega naye, aliisikia kwa shida:

"Mia."